Kwa Nini Picha za Mchana Zilikataa

Siku mliyoniaga kazini nikistaafu mlinipa kitenge, saa ya ukutani na Fanta ya moto. Nashukuru kwa vyote, hata Fanta. Kisha mmoja wenu akauliza, "Mama Masika, unatuachia nini?" mkacheka, mkidhani nitaacha ule mto wa kiti changu. Mto nimeubeba. Ninawaachia maneno haya, ninayoyaandika kwa Kiswahili cha shule kadiri ninavyoweza, ingawa mdomo wangu ni wa Mapendo, mtaa wetu hapa Goma, na kwa umri huu hautageuka. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuja vikaenda, na mishahara, kuna miaka haikuja kabisa.

Baba yangu alikuwa Munande wa Butembo, mfanyabiashara wa maharagwe, na alitaka nikae dukani. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kuona ndani. Nilifungua redio yake nikimtafuta anayesema, nikachapwa. Nikafungua cherehani ya shangazi, nikachapwa tena. Mwishowe masista wa shuleni wakamwambia Baba kwamba kuna kazi ya kuangalia ndani ya watu, naye akasema afadhali hiyo kuliko kuniacha nimalize vitu vya nyumbani.

Ndivyo nilivyofika katika chumba cha picha cha hospitali moja hapa Goma, chini ya Muzee Bauma, Muhunde wa milima ya Masisi, mtu mwembamba ambaye koti lake jeupe lilikuwa limegeuka manjano kwa dawa za kusafishia filamu. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine. Alitundika picha ya mgongo mbele ya taa akaniuliza:

"Huyu mutu anafanyaka kazi gani?"

"Muzee, naona mifupa tu. Kazi siione."

"Angalia tena."

Nikaangalia mpaka macho yakatoa machozi. Mifupa ya shingo ilikuwa imesagika, nikabahatisha kwamba mwenyewe ni mzee sana. Muzee akafungua mlango, akamwita mwenye picha. Akaingia mama kijana, na alama ya kamba ya kubebea makaa imechora kipaji cha uso wake.

"Si alikuwa hapa ku mulango?" Muzee akasema. "Ungetoka, ungemuuliza."

Nilinuna siku nzima. Nilidhani amenicheka, na kweli alikuwa amenicheka.

Mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda, watu walijaa mjini hadi barabara zikapotea. Kipindupindu kikafuata. Ardhi yetu ni jiwe la volkano, hata kaburi halichimbiki kirahisi, na niliyoyaona kando ya njia ya kwenda Munigi sitayaeleza, kwa sababu nawajua, mnasoma mkiwa mnakula. Nitasema ya kazini tu. Filamu zilipungua, tukawa tunakata moja vipande vinne. Umeme ukipotea tulianika picha nje kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mapafu ya watu yakipepea karibu na mashuka, huku Muzee Bauma akiwafukuza mbuzi. Baadaye vita vilifuata vita. Majina ya wenye bunduki yalibadilika, lakini sisi tuliendelea kupiga picha za mifupa ileile iliyovunjika. Macho yalipomchoka, Muzee alirudi kwao Masisi, barabara ya huko ikafungwa, na sikumwona tena. Nilimlilia sana yule mzee, pamoja na kunicheka kwake.

Katika miaka hiyo ndipo nilipoanza kuwajua wamama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Walikuja na damu isiyokoma, na harufu iliyowafanya wakae peke yao mwisho wa benchi. Sisi tulipiga picha, daktari aliandika karatasi, na karatasi ilisema waende Kampala kwa tiba ya mionzi. Wachache waliofika huko walirudi wakisema, "Nilichomwa." Wamechomwa na nini? Wapi? Anayechoma anajuaje pa kuchoma, naye ugonjwa hauoni? Kila niliyemuuliza alinitazama kama ninayemtania. Volkano ilipolipuka na lava ikapita katikati ya mji, kazi yetu ilisimama. Nikasikia kuna hospitali huko Kampala inayotafuta mafundi wa picha wanaojua Kiswahili cha Congo, kwa sababu ya wagonjwa wetu. Nikaomba. Wakanipokea, wakanifundisha upya tangu mwanzo, na darasani nilikuwa mwanafunzi mwenye mvi kuliko mwalimu.

Mashine ya kwanza niliyoikuta huko ilikuwa kongwe. Tulipima kwa mifupa: juu ya nyonga hapa, chini ya nyonga pale, tukachora kisanduku kipana kwenye tumbo kwa kalamu ya wino. Kila kilichokuwa ndani ya kisanduku kilipata mionzi, kigonjwa na kizima. Saratani iliungua, na utumbo uliokuwa jirani yake nao uliungua. Kuna wamama waliopona ugonjwa kisha wakabaki na kuhara damu kwa miaka. Wakati ule hatukuwa na njia nyingine.

Na ile michoro ya kalamu, Mungu wangu! Mama wa Kivu haendi mbele ya daktari bila kuoga na kujisugua kwa jiwe mpaka ngozi iseme. Angeonekana amelelewa vibaya. Basi kila Jumatatu wamama wetu walifika wanang'aa, wamejipaka mafuta, na mchoro haupo.

"Mama, mbona umefuta?"

"Si ni uchafu, dokta? Nikuje kwako na uchafu?"

Ikabidi tuchore upya kila mara, na kila kuchora upya ni kukosea kidogo. Mwishowe tulianza kuchanja nukta ndogo za wino chini ya ngozi. Hizo hakuna jiwe lililoziweza, ingawa wamama wa Butembo walijaribu kwa bidii zote.

Kisha ikaja mashine mpya, na pamoja nayo mtaalamu wa fizikia, Bwana Okello, mtu wa kaskazini mwa Uganda. Kiswahili chake alikipata kwa askari, kwa hiyo kila neno lilitoka kama amri. "Wewe mama, lala! Tulia! Asante!" Mwanzoni wamama walimwogopa, baadaye wakawa wanamwiga kwenye benchi, naye akisikia anacheka kuliko wote. Tulipatana kwa sababu naye alikuwa na ugonjwa wangu. Ukimwuliza swali moja, anavuta kiti.

Alinieleza hivi. Mashine mpya inaweza kufuata umbo la ugonjwa wenyewe, ikaacha pembeni nafasi ndogo kama upana wa kidole. Shida ni kwamba kizazi hakitulii kama mfupa. Kimeegemea kibofu. Kibofu kikijaa, kizazi kinanyanyuka, na utumbo unasukumwa juu, mbali na mionzi. Kibofu kikiwa tupu, kizazi kinaanguka mbele na utumbo unateremka kukalia nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo picha ya kupangia tiba hupigwa kibofu kikiwa kimejaa, na kila siku ya tiba mgonjwa anakwenda haja, anakunywa chupa ya maji, anangoja, ndipo analala mezani. Kabla ya mionzi tunapiga picha nyingine, tunaiweka juu ya ile ya mpango, tunaangalia kama zinalingana.

"Zisipolingana," Okello alisema, "unapiga pale ugonjwa ulikuwa. Yeye amehama."

Sasa nifike kwa Mama Riziki. Alikuwa rika langu, mkulima kutoka milima ya Masisi. Vita vilimtoa kwao, akawa anakaa na watoto wake kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Munigi. Parokia ndiyo iliyomsaidia kupanda basi la Kampala. Ugonjwa wake ulikuwa bado wa kutibika, daktari alisema hivyo waziwazi, na Mama Riziki alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Siku za mwanzo picha zililingana vizuri. Halafu zikaanza kukataa. Mifupa ilikaa mahali pake sawasawa, lakini kibofu kilikuwa kimenywea, kizazi kimeanguka, na utumbo umejaa pale ambapo mionzi ingepita.

"Mama, umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Chupa yote?"

"Nimekunywa, dokta."

Tulimteremsha mezani, tukamngojesha, tukampandisha tena. Bado. Kesho yake, picha ikakubali bila shida. Keshokutwa ikakataa. Nilizipanga picha zake zote mbele yangu, na ndipo nilipoona jambo la kushangaza. Alizopigwa asubuhi zote zililingana. Alizopigwa mchana zote zilikataa.

Nilimpelekea Okello habari hiyo mbio kama mtoto aliyeokota kitu. Akashuku mashine. Joto la mchana, alisema, labda kuna kitu kinatanuka. Siku ile chakula chake cha mchana kilipoa mezani. Yeye alikuwa na vipimo vyake chini ya mashine, akipima na kupima tena. Akatoka na vumbi magotini. "Mashine haina kosa," akasema. Na kweli, wagonjwa wengine wa mchana picha zao zilikuwa nzuri. Tulipotazama zaidi tukakuta wengine wachache waliokuwa na shida kama ya Mama Riziki, na wote walikuwa wamama wetu wa Congo.

Mtasema, si angewekwa asubuhi tu? Asubuhi ilikuwa ya watoto, wanaolazwa usingizi bila kula, na huwezi kumshindisha mtoto njaa mpaka mchana. Na tiba ya mionzi haipendi kusimama. Ukiikatiza, saratani inapata pumzi. Daktari akasema atangoja mpaka mwisho wa wiki. Picha zikiendelea kukataa, Mama Riziki atarudishwa kwenye kisanduku kipana cha zamani, ili ugonjwa usikoswe, na utumbo uungue utakavyoungua. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimewaona walioungua.

Siku iliyofuata, jua likiwa limepinda kidogo, nilichukua chupa mbili za maji nikaenda kukaa naye kwenye benchi ya nje. Yangu nikainywa. Yake akaishika tu.

"Mama Riziki," nikamwambia, "leo sikuulize sawa dokta. Nakuuliza sawa mutu wa Mapendo. Hii maji inaendaka wapi?"

Akanitazama sana. Kisha akaonyesha kwa mdomo maua yaliyokuwa kando ya ukuta. Yalikuwa yamestawi kupita maua yote ya hospitali ile.

"Weee! Unamwangiliaka maua?"

"Kila siku," akasema, na tukacheka wote wawili, hadi nilipomwuliza kwa nini. Hapo akaacha kucheka.

"Asubuhi nakunywa bila shida. Lakini ku kambi, jua ikishapita hapa," akagusa utosi wake, "mwanamuke hakunywake tena. Choo iko mbali, kule mwisho, karibu na pori. Wenye bunduki wanangojeaka kule. Mutoto wa jirani yangu alikunywa chai mangaribi. Usiku akatoka." Akaifunga chupa vizuri. "Kila mama anajua. Hata watoto wanawake tunawafundisha. Kama haukunywe, hautatoka."

"Lakini huku ni Kampala, mama. Kule munalala, choo iko ndani ya nyumba."

"Najua. Kichwa inajua. Koo njo inakatala. Maji inafika hapa, inarudi."

"Na juu ya nini ulisema umekunywa?"

"Nilikunywa kidogo, ya adabu. Dokta ameniambia kunywa, nitamujibu nini?"

Nilikasirika, wanangu. Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwa sababu hapo ndipo nilipoona mambo yote yanakoelekea. Mama huyu alikataa maji ili asitoke usiku. Kwa kukataa maji, utumbo wake utaungua. Na mtu aliyeungua utumbo hutoka usiku, si mara moja, kila usiku, maisha yake yote, akiwa kambini, kwenye choo kile kile. Nikamweleza hivyo hivyo, bila kupamba. Akaweka chupa chini, akajifunika uso kwa kitenge.

Nilikwenda kwa Okello nikamsimulia. Akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza.

"Anaogopa maji, au anaogopa mlango wa choo?"

Nikarudi kwenye benchi nikamuuliza Mama Riziki vilevile. Akafikiri.

"Mulango," akasema. "Kama mutu anasimama ku mulango, mutu mwenye namujua, labda maji itashuka."

"Basi nitasimama."

"Weye? Na koti yako nyeupe?"

"Na koti yangu nyeupe."

Alikunywa polepole sana, akifumba macho kila funda, mimi nikiwa nimekaa kando yake. Nusu ya chupa akasimama kidogo, nikadhani imerudi. Haikurudi. Tukangoja. Akalala mezani, Okello akapiga picha, akaiweka juu ya ile ya mpango, na nilisikia akivuta pumzi. Zililingana. Kizazi kilikuwa mahali pake, utumbo umekaa juu, mbali. "Wewe mama, tulia!" akapiga kelele kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. Mionzi ikapita ilipotakiwa.

Kisha Mama Riziki akateremka na tukaenda chooni karibu tukimbie. Akaingia. Nikasimama mlangoni, mikono nimekunja, namtazama vibaya kila anayepita.

"Uko?" akaita kutoka ndani.

"Niko."

"Uko?"

"Niko, mama!"

"Uko kweli?"

"Niko! Maliza basi, kuko foleni huku!"

Nikamsikia akicheka humo ndani, kicheko cha mtu aliyejisahau, na mimi huku nje machozi yakinitoka. Muganda mmoja aliyekuwa akisukuma ndoo akaniuliza kama nimefiwa.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Okello alipanga upya zamu za mchana ili wamama waliotoka kambini wafuatane, nami niwe huru saa hiyo. Walikunywa pamoja kwenye benchi, wakihimizana. Siku moja nililala na malaria. Niliporudi nikaambiwa kwamba Okello mwenyewe alisimama, mgongo kwa mlango, mikono nyuma, na kila mama alipoita "Uko?" alijibu "Niko!" kwa sauti ya gwaride iliyosikika mpaka getini. Wamama walimwiga mwezi mzima. Maua ya ukutani, nayo, yalinyauka.

Mama Riziki alimaliza mionzi ya nje bila siku kukosekana, akapata na ile ya ndani, inayowekwa karibu na ugonjwa wenyewe, akapanda basi la kurudi.

Miaka michache baadaye nami nikarudi Goma, nikaingia katika hospitali hii mliyonikuta, kuwaandaa wamama kabla ya safari na kuwaangalia wakirudi. Mengi mmeyaona wenyewe. Nililowasumbua nalo ni lile lile: kabla hamjampa mama chupa ya maji, mwulizeni analala wapi, na choo kiko wapi, na anakwenda na nani. Mwulizeni kwa lugha yake, mmekaa, si mmesimama na kalamu. Akisema "ndiyo, dokta" upesi sana, ulizeni tena. Mwaka ujao mionzi ya mashine itakuwa nyembamba zaidi, na kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo maswali haya yatakavyozidi kuwa ya lazima. Mimi bado natamani kujua ni mangapi mengine tuliyopiga picha bila kuyauliza.

Mama Riziki alikuja kwangu kupimwa. Mapigano yalikuwa yameihamisha kambi yao. Sasa walikuwa chini ya mahema mengine, kwenye mawe mengine, na mtoto wake mkubwa alikuwa ameolewa humo humo. Daktari alimpima kwa makini, akaangalia picha, akaangalia tena. Ugonjwa haukuwapo. Utumbo ulikuwa mzima. Mama Riziki alipiga makofi mara moja, akasema "Aksanti Yesu," akaanza kufunga kitenge chake. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

"Na maji, mama?" nikamuuliza. "Unakunywaka?"

"Nakunywa," akasema.

Akaniona nikiendelea kumtazama.

"Asubuhi tu."

Ilikuwa mchana, na jua kali. Nikamfungulia chupa ya maji, nikaenda kusimama mlangoni.